Kipepeo Mwigaji wa Misitu ya Afrika: Maisha na Sura Nyingi za Papilio dardanus

Papilio dardanus ni kipepeo mkubwa wa msituni, mwenye mabawa ya upana wa karibu sentimita 10. Makazi yake ni misitu ya Afrika kusini mwa Sahara, kutoka Afrika Magharibi hadi Ethiopia na kushuka mpaka Afrika Kusini. Yupo pia Madagaska na Ngazija. Katika Afrika Mashariki huonekana misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke, milima ya Usambara, masalia ya misitu ya Nairobi na kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Hahitaji msitu mnene usiopenywa na jua. Hupendelea pembezoni, njia za miguu na mianya iliyoachwa na miti iliyoanguka.

Dume hatambuliki kwa shida. Mabawa yake ni ya manjano hafifu yenye kingo nyeusi, na bawa la nyuma lina mkia. Huruka kwa kasi akirudia njia ileile ukingoni mwa msitu, na siku za jua kali hutua kwenye matope kufyonza maji yenye chumvichumvi. Jike ni habari nyingine kabisa. Katika sehemu kubwa ya bara hana mkia, wala hafanani na dume, na mara nyingi hafanani hata na dada yake aliyezaliwa naye kwa mama mmoja.

Maisha yake huanza kwenye miti na vichaka vya jamii ya mlimau, hasa jamaa wa porini wa mti huo, ingawa michungwa ya shambani nayo hutumika. Jike anayetafuta pa kutagia huruka taratibu kivulini, hutua juu ya jani na kulipigapiga kwa miguu ya mbele. Miguu hiyo ina viungo vya kuonja, na ndiyo inayomjulisha kama jani linafaa. Akiridhika, hutaga yai moja tu la manjano hafifu, kisha huondoka kutafuta jani lingine. Kutawanya mayai namna hii kunapunguza hasara: mdudu mla mayai akigundua moja, mengine yanabaki salama.

Kiwavi mchanga ni wa kahawia mwenye baka jeupe, na akitulia juu ya jani hufanana na kinyesi cha ndege, kitu ambacho ndege hana haja nacho. Akishakua hubadilika kuwa wa kijani na kupotea kati ya majani. Akiguswa hutoa nyuma ya kichwa kiungo laini chenye ncha mbili kinachonuka vikali, ambacho huwafukuza siafu na wadudu wengine wadogo. Pupa naye ni wa kijani, bapa kama jani, amejishikiza mkiani na kujifunga kiunoni kwa uzi wa hariri. Kwa hiyo uigaji wa kipepeo huyu hauanzii kwenye mabawa ya jike. Kila hatua ya maisha yake ina sura inayomdanganya adui wa hatua hiyo.

Hata hivyo, umaarufu wake unatokana na majike. Aina moja ya jike ni nyeusi yenye mabaka makubwa meupe, na humwiga Amauris niavius. Ya pili ni ya rangi ya chungwa yenye ncha nyeusi na ukanda mweupe. Hiyo humwiga Danaus chrysippus, kipepeo anayejulikana hata mashambani na bustanini. Ya tatu ni nyeusi yenye vidoadoa vya manjano hafifu, mfano wa Amauris echeria. Uganda na magharibi mwa Kenya ipo nyingine yenye ukanda wa chungwa, inayowaiga vipepeo wa kundi la Acraea. Wote hao wanaoigwa wana ladha mbaya au sumu. Viwavi wa Danaus chrysippus, kwa mfano, hula mimea yenye utomvu mweupe na kuhifadhi mwilini sumu inayodhuru moyo na kumtapisha ndege. Ndege aliyewahi kutapika huacha kugusa rangi hizo, na jike wa Papilio dardanus, ambaye mwenyewe ni chakula kizuri tu, hupita akinufaika na woga huo.

Uigaji wa namna hii ulielezwa mwaka 1862 na Henry Walter Bates, kutokana na vipepeo wa Amazon. Miaka saba baadaye Roland Trimen, aliyefanya kazi Cape Town, alitoa hoja kwamba vipepeo kadhaa wa Afrika waliodhaniwa kuwa spishi mbalimbali walikuwa majike wa spishi moja. Msingi wa hoja yake ulikuwa rahisi na wenye nguvu: vielelezo vya aina hizo vyote vilikuwa majike, na vya yule wa manjano mwenye mkia vyote vilikuwa madume. Baadhi ya wakusanyaji wa vipepeo wa Uingereza hawakukubali. Kilichomaliza ubishi ni ufugaji wa viwavi huko Afrika Kusini katika miaka ya 1870, ambapo familia moja ilitoa sura tofauti.

Kwa nini sura nyingi, si moja iliyo bora? Jibu liko kwenye hesabu ya ndege. Ulinzi wa mwigaji hudumu mradi wenye sumu ni wengi kuliko yeye. Waigaji wakizidi, ndege hujifunza kwamba rangi ile ina mlo mtamu, na ngao inavunjika. Spishi ambayo majike wake wamegawanyika kuiga vipepeo wenye sumu wa aina tatu au nne huweza kuongezeka bila kuwazidi wa aina yoyote kati ya hizo. Hali ya Entebbe na Nairobi inaonyesha jambo hili waziwazi. Katika makusanyo ya zamani ya Entebbe, ambako vipepeo wenye sumu walikuwa wengi mno, ni asilimia 4 hivi tu ya majike waliokuwa na uigaji wenye kasoro. Nairobi, ambako wenye sumu walikuwa wachache, waliokuwa na kasoro walikaribia theluthi moja. Pasipo mwalimu wa ndege, anayeiga vibaya haadhibiwi.

Madume hawaigi mtu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba rangi ya manjano huwasaidia kutambuana na kushindana, wakati jike, mwenye mzigo wa mayai na mwendo wa polepole, ndiye anayehitaji ulinzi kuliko wote. Madagaska na Ngazija majike wana rangi za dume na mkia wake, na Ethiopia wengi wao wako hivyo pia.

Namna sura hizi zinavyorithiwa ilifafanuliwa zaidi na Cyril Clarke na Philip Sheppard huko Liverpool, katika miaka ya 1950 na 1960. Waliwapandisha vipepeo kwa mkono, wakichanganya jamii za nchi mbalimbali. Waligundua kwamba ruwaza ya jike huamuliwa hasa na sehemu moja ya urithi. Dume huibeba na kuirithisha bila kuionyesha. Sura nyeusi na nyeupe hufunikwa na nyingine zote. Ndani ya jamii ya sehemu moja watoto hutoka na sura kamili. Jamii za mbali zikichanganywa hutoka sura za katikati zisizofanana na mwenye sumu yeyote. Utafiti wa mwaka 2014 uliihusisha sehemu hiyo na eneo la jeni iitwayo engrailed. Inafaa kukumbukwa pia kwamba ni fikra za urithi zilizotokana na ufugaji wa vipepeo zilizompeleka Clarke, aliyekuwa daktari, kwenye tatizo la damu ya mama na mtoto kutopatana. Kazi ya timu yake ilichangia sindano ya anti-D, ambayo hadi leo wakunga huwapa kina mama wenye kundi hasi la damu.

Siku hizi vipepeo wa msituni ni mazao pia. Mradi wa Kipepeo, wenye makao yake Gede, pwani ya Kenya, ulianza mwaka 1993 ili wanavijiji wanaopakana na Arabuko-Sokoke wapate kipato bila kukata miti. Hufuga viwavi na kuuza pupa kwa maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Ufugaji kama huo uliingia Amani, Usambara Mashariki, na wafugaji wake walipata pigo mwaka 2016 Tanzania iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Biashara hii haina nafasi ya uzembe, kwa kuwa pupa akichelewa njiani hutoka kipepeo ndani ya kasha. Tena kibanda cha wavu hakina ndege wa kuchuja wenye kasoro, na kizazi kinachozaana chenyewe kwa muda mrefu hudhoofika. Ndiyo maana mfugaji hurudi pembezoni mwa msitu kutafuta majike wapya wa kutaga.