Jinsi ya Kuyatunza Maua Yaliyokatwa

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya akina mama na mabwana mjini Nakuru)

Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya namna ya kuyafanya maua yaliyokatwa yadumu nyumbani. Huenda baadhi yenu mkaliona jambo hili kuwa dogo. Mimi nami nililiona hivyo, mpaka siku tulipokwenda kumzika mama yangu mkubwa huko Molo.

Jioni ya kuamkia mazishi nilinunua mafungu manne ya karnesheni kando ya barabara ya Naivasha. Nikayalaza nyuma ya gari, pamoja na mkungu wa ndizi mbivu za wageni, nikafunga mlango mpaka asubuhi. Tulipofika kaburini na kuyatoa, petali zote zilikuwa zimejikunja kwa ndani kama macho ya mtu mwenye usingizi. Watoto wa marehemu waliyapokea, wakatazamana, wakayaweka juu ya udongo vivyo hivyo. Muuzaji hakuwa na kosa lo lote. Kosa lilikuwa langu, nami nilikuja kuelezwa baadaye na jirani yangu, mama aliyefanya kazi miaka mingi katika chumba cha kupanga maua.

Ninyi mnajua kwamba tangu miaka ya 1970 mashamba ya kando ya Ziwa Naivasha yamekuwa yakikuza maua ya kuuzwa ng'ambo, hasa mawaridi, na kwamba wengi wa wayakatao na kuyapanga ni wanawake. Waridi likikatwa hutiwa katika ndoo ya maji, likapelekwa katika chumba cha baridi, kisha likachukuliwa na lori lenye baridi mpaka uwanja wa ndege wa Nairobi. Mengi huenda Uholanzi, ambako kuna soko kubwa la mnada katika mji wa Aalsmeer. Baada ya safari hiyo yote, mnunuzi wa huko hukaa nalo mezani wiki nzima. Basi, kwa nini letu sisi, tulio jirani na shamba, linyauke siku ya tatu?

Sababu yake ni kwamba ua lililokatwa bado li hai. Linapumua na kunywa, lakini limetengwa na mzizi uliolilisha. Nalo si kama mahindi, yanayoweza kungoja ghalani. Mwezi wa Machi, mwaka wa 2020, ndege ziliposimama kwa ajili ya ugonjwa wa korona, maua mengi ya Naivasha yalitupwa, na wafanyakazi wengi wakarudishwa makwao. Ua lina maadui wanne: kiu, uchafu, joto na hewa ya matunda. Nitawaeleza habari za kila mmoja.

Kwanza, kiu. Ndani ya kikonyo cha ua mna mirija myembamba inayopandisha maji. Kikonyo kikikaa nje ya maji, hewa huingia katika mirija hiyo na kuiziba, hata ukitia maji baadaye hayapandi. Kwa hiyo mfikapo nyumbani, kateni tena ncha ya kila kikonyo, kadiri ya upana wa vidole viwili, kwa kisu kikali na kwa mshazari. Ni bora zaidi kukata huku kikonyo kimezama katika beseni la maji. Kisu butu huponda mirija. Kama waridi limeinamisha shingo, msilitupe. Kateni kikonyo, lifungeni pamoja na wenzake katika gazeti ili yasimame wima, kisha yatieni katika ndoo ya maji ya vuguvugu kwa saa mbili au tatu. Mengi huinuka.

Pili, uchafu. Majani yaliyozama huoza, na vijidudu vya uozo huziba mirija ile ile. Ondoeni majani yote yatakayokuwa chini ya maji. Osheni chombo kwa sabuni kabla ya kukitumia, na badilisheni maji kila baada ya siku mbili, mkikata ncha tena kidogo.

Mtu akitaka kuyapa maua chakula, achukue lita moja ya maji, atie kijiko kikubwa kimoja cha sukari na vijiko vikubwa viwili vya maji ya limau, akoroge. Mwisho atie nusu ya kijiko cha chai cha dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Sukari hulisha ua, limau husaidia maji kupanda, na dawa huua vijidudu. Sukari peke yake hulisha vijidudu kuliko ua. Lakini angalieni sana: dawa hiyo isichanganywe na limau pasipo maji, maana hutoa hewa ya sumu, na maji ya maua yawekwe mbali na watoto.

Hapa petu kuna jambo jingine. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini ya floridi, yale yale yanayotia meno ya watoto wetu rangi ya hudhurungi. Madini hayo huyaunguza baadhi ya maua, hasa gladiola na jerbera, nayo hayaondoki kwa kuchemsha maji. Maji safi ya mvua ndiyo yafaayo.

Tatu, joto. Msiweke maua dirishani penye jua, wala karibu na jiko, wala penye upepo. Usiku yapelekeni mahali penye baridi zaidi nyumbani.

Nne ni adui aliyenishinda mimi. Matunda yanayoiva, kama ndizi, maembe na maparachichi, hutoa hewa isiyoonekana inayoharakisha kuiva. Hewa hiyo hiyo huyazeesha maua, na karnesheni huumia upesi kuliko mengi. Mkungu wangu wa ndizi ulifanya kazi usiku kucha ndani ya gari lililofungwa.

Mwaka uliofuata tulirudi Molo kuweka jiwe la kaburi. Nilinunua karnesheni zile zile, nikazisimamisha katika ndoo ya maji ya mvua, na ndizi zikasafiri katika gari lingine. Binti wa marehemu aliniambia kwamba siku ya sita alipopita makaburini aliyakuta yangali wazi, naye akaketi nayo kidogo.