Reli Iliyogeuzwa Njia ya Baiskeli: Faida Zake na Kazi Yake

Hotuba kwa wakaazi kuhusu usafiri wa baiskeli



Baiskeli si mgeni mashinani. Alfajiri inabeba maziwa, mchana inabeba mitungi ya maji, jioni inamrudisha mwanafunzi nyumbani. Shida ya mwendesha baiskeli ni mahali pa kupita. Kwenye lami anasukumwa na matatu na malori hadi kwenye mtaro. Si ajabu basi mwananchi akitazama njia ya reli iliyomea nyasi akauliza: hapa treni haipiti, kwa nini baiskeli isipite?

Swali hilo lina majibu, kwa kuwa wapo waliolijaribu. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, reli iliyojengwa mwaka wa 1873 kati ya miji midogo ya Elroy na Sparta iliachwa katika miaka ya 1960. Vyuma na mataruma viling'olewa, tuta likamwagwa mawe yaliyosagwa, na ikawa mojawapo ya njia za kwanza za aina hii nchini humo. Ina urefu wa takriban kilomita 51. Katika jimbo la Missouri, reli iliyosimamisha treni mwaka wa 1986 baada ya mafuriko ikageuzwa kuwa njia iitwayo Katy Trail. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka wa 1990, na leo njia nzima inapita kilomita 380.

Sababu ya reli kufaa baiskeli ni treni yenyewe. Treni nzito haiwezi kupanda mlima mkali wala kukata kona ya ghafla. Kwa hivyo wajenzi wa reli walikata vilima, wakajaza mabonde na kuzungusha njia taratibu. Mtoto, mzee au mama aliyebeba mzigo anaweza kupanda mwinuko huo bila kushuka kwenye baiskeli. Lakini usawa huo una hila. Mwinuko mdogo unaweza kuendelea kwa kilomita nyingi, na jicho lisiuone. Mwendeshaji anakanyaga bila kupata mteremko wa kupumzikia, na baadaye anashangaa miguu imechoka. Anayejua hupunguza gia mapema na kutunza nguvu zake.

Jambo la pili ni ardhi yenyewe. Nyingi ya njia hizi hazina lami. Mawe yaliyosagwa yakikauka na kushindiliwa, baiskeli inakwenda vizuri. Mvua ikinyesha, yanalainika, na tairi nyembamba inazama na kuchora mfereji ambao mwenzake atauangukia kesho. Tairi pana kidogo inafaa zaidi, na baada ya mvua kubwa ni heri kungoja ardhi ishikamane.

Tatu ni madaraja na mahandaki. Mbao za daraja zikilowa huteleza. Mwenye busara hupunguza mwendo kabla ya kufika, hafungi breki akiwa juu. Njia ya Elroy na Sparta ina mahandaki matatu, na refu kuliko yote lina zaidi ya kilomita moja. Ndani ni giza, kuna baridi, na maji yanadondoka kutoka juu hata siku ya jua kali. Waendeshaji hutakiwa kushuka na kusukuma baiskeli, wakiwa na tochi. Asiyebeba tochi hatauona ukuta wala mtu anayekuja mbele yake.

Nne ni vivuko. Njia ya reli ilikatiza barabara, na njia ya baiskeli inakatiza pale pale. Mwendeshaji aliyekwenda kilomita kumi bila kuona gari husahau kuwa magari yapo. Ndiyo maana huwekwa nguzo kabla ya barabara, zinazozuia magari kuingia na kumpunguzia mwendo wa baiskeli. Mbali na vivuko, njia inaweza kwenda mwendo mrefu bila duka, bila maji na bila fundi. Pampu, tyubu ya akiba na chupa ya maji ni lazima.

La tano ndilo zito kuliko yote: maji ya mvua. Reli nyingi hufuata kingo za mito kwa sababu huko ndiko tambarare. Katy Trail ilipata funzo hilo mapema. Mwaka wa 1993, miaka mitatu tu baada ya kufunguliwa, Mto Missouri ulifurika na kuharibu sehemu kubwa ya njia. Kuijenga upya ilikuwa kazi nyingine. Treni ilipokuwepo, kulikuwa na vibarua wa reli waliozibua kalavati na kukata vichaka kila mara. Treni ikiondoka, vibarua huondoka nayo, lakini mvua haiondoki. Njia nzuri haidumu bila mtu wa kuitunza. Kukata utepe ni kazi ya siku moja. Kuzibua kalavati hakuna siku ya mwisho.

Kuna somo jingine, nalo linahusu ardhi. Mwaka wa 1983 Marekani ilipitisha sheria inayoruhusu njia ya reli iliyoachwa itumike kwa baiskeli na waenda kwa miguu, huku ikihifadhiwa nzima ili treni ikihitajika irudi. Njia ya reli ikishakatwa vipande, hapa kibanda, pale shamba, pale ukuta wa mtu, haina faida tena kwa treni wala kwa baiskeli.

Kenya haihitaji kwenda mbali kuona ukweli huo. Njia ya Nairobi hadi Nanyuki ilikaa miaka mingi bila abiria, na wengi waliamini imekufa. Desemba mwaka wa 2020 treni ya abiria ilirudi. Ilirudi kwa sababu njia yenyewe ilikuwa bado ipo.

Kwa hivyo mambo mawili yaeleweke vizuri. Kwanza, reli yenye nyasi si lazima iwe reli iliyokufa. Kuendesha baiskeli au kutembea katikati ya vyuma ni hatari, na watoto waonywe. Pili, ardhi ya reli iko chini ya Shirika la Reli la Kenya, na reli ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kaunti haiwezi kuamka asubuhi na kumwaga murram juu ya mataruma. Bila makubaliano na shirika hilo, hakuna njia.

Hata hivyo, barabara za kaunti ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba. Yote yanayomsaidia mwendesha baiskeli kwenye reli iliyogeuzwa yanaweza kudaiwa kwenye barabara hizo: ukingo uliotengwa, kalavati zilizozibuliwa, vivuko vyenye alama, na bajeti ya ukarabati. Kila mwaka kaunti huandaa mpango wa maendeleo, nao hutakiwa kuwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia mwanzo wa Septemba. Mwananchi ana haki ya kutoa maoni. Anayefika kwenye kikao cha wadi asiseme tu, "Tunataka njia." Ataje inaanzia wapi na kuishia wapi, inavuka mto gani, na aulize swali ambalo husahaulika: ikishajengwa, nani atazibua kalavati?