SIKU MANA ILIPOKOMA
Mada iliyotolewa mbele ya washarika katika juma la maadhimisho ya miaka mia moja ya usharika, Ilala, Dar es Salaam



Awali ya yote naishukuru Kamati ya Maadhimisho kwa kunipa nafasi ya kunena juu ya jambo linalomgusa kila mmoja wetu, yaani namna Mkristo anavyotoka hali moja ya maisha na kuingia nyingine. Kijana huaga kijijini akaja mjini, mtumishi hustaafu, mke hufiwa na mumewe. Katika kila badiliko la namna hiyo hofu hubisha hodi. Kuisikia hodi hiyo si dhambi. Hatari huanza pale hofu inapokalia kiti cha mwenye nyumba na kutoa amri.

Katika Kitabu cha Yoshua, sura ya 5, limo jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Wana wa Israeli walikuwa wamevuka Yordani, wakaifanya Pasaka huko Gilgali, wakala mazao ya nchi. Ndipo mana ikakoma. Kwa miaka 40 walikuwa wakiishi kwa chakula hicho, na aliyezaliwa jangwani hakujua kingine. Tumfikirie mama aliyetoka asubuhi ile na chombo chake mkononi, akaikuta ardhi tupu. Angeweza kudhani kwamba Mungu amewaacha. Kumbe nafaka ilikuwa shambani, na aliyeikuza ni yeye yule aliyeishusha mana. Njia ya riziki ilibadilika, Mtoaji hakubadilika.

Tena tuzingatie hili: mana haikuruhusiwa kulazwa hadi kesho, ila siku ya kuamkia Sabato, bali nafaka hulimwa, huvunwa na kuwekewa ghala. Jangwani imani ilikuwa kutoweka akiba. Kanaani imani ilikuwa kulima na kutunza mbegu. Anayetaka kuishi Kanaani kwa desturi za jangwani atalala njaa, kisha atamlaumu Mungu.

Kanisa letu limeipitia asubuhi ya namna hiyo. Kazi ya misheni ya Kilutheri ilianza hapa Dar es Salaam mwaka 1887 kwa mikono ya wamisionari wa Kijerumani. Septemba 1916 majeshi ya Waingereza yaliuteka mji. Wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, walipiga kambi mahali ambapo hata leo panaitwa Kariakoo kwa sababu yao. Wamisionari walitiwa kizuizini, na kufikia 1920 walikuwa wamefukuzwa nchini. Walimu na wainjilisti wenyeji wakabaki na kundi, bila mishahara ya kutegemea na bila wakubwa wa kuwauliza. Wakafundisha, wakazika, wakawafariji waliofiwa. Wajerumani walirudi katika miaka ya 1920, wakaondolewa tena vita vilipozuka mwaka 1939. Waliolea Kanisa wakati wa uhaba ndio waliowaandaa warithi wao. Juni 19, 1963, makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika mji huu huu, Askofu Josiah Kibira alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Sasa tuseme juu ya nyumba zetu. Mstaafu asiyewaambia mkewe na watoto kwamba mshahara umekoma, akakopa ili aonekane yuko vile vile, anatafuta mana juu ya ardhi tupu. Imani humpa ujasiri wa kusema ukweli mezani na kupanga upya matumizi. Wafanyabiashara wa Soko Kuu la Kariakoo, lililoungua usiku wa Julai 10, 2021, wanajua jinsi mtaji wa miaka unavyoweza kutoweka kwa usiku mmoja. Aliyefikwa na hayo hahitaji mahubiri marefu. Anahitaji ndugu wa jumuiya watakaokuja asubuhi na kumwuliza aanzie wapi.

Lipo na suala la wosia. Wako wanaoogopa kuuandika wakidhani ni kukiita kifo. Martin Luther aliandika wake mwaka 1542, akamtaja mkewe Katharina kuwa mrithi, miaka minne kabla ya kufariki. Kuandika kule hakukupunguza imani yake. Kulikuwa ni upendo kwa atakayebaki. Ni wajane wangapi wametolewa nyumbani na ndugu wa mume kwa sababu marehemu aliogopa karatasi?

Mwisho, usharika wenyewe uko mpitoni. Nyumba nyingi za Kiswahili za mitaa hii zimebomolewa kupisha maghorofa na maduka, na wengi waliobatizwa hapa sasa wanakaa Chanika, Kinyerezi na Mbagala. Washarika waliokuja kanisani kwa miguu walikuwa mana yetu. Shamba lililo mbele yetu ni mchuuzi, mpangaji na kijana aliyeshuka basi jana bila jamaa mjini. Je, tutasimama mlangoni tukihesabu waliohama, au tutashika jembe?

Mungu aliyewashika mkono baba na mama zetu kwa miaka mia moja atushike na sisi.

Amina.