Merelaniiti: Vanadi, Tope Jeusi na Mlima Usiohusika



Niliombwa nizungumzie merelaniiti, madini adimu yenye vanadi yaliyoelezwa kisayansi mwaka 2016 na kupewa jina la vilima vya Merelani. Nitayafikia. Kwanza sina budi kuushughulikia mlima.

Kila ninapozungumzia vito vya Merelani hadharani, hainikosi sauti ya kuniambia kwamba tanzanaiti ilipikwa na Kilimanjaro. Madalali wanasema hivyo, vipeperushi vya watalii vinasema hivyo. Wakati mmoja, ndani ya basi la Arusha, niliketi na mwalimu wa sekondari aliyenieleza jambo hilo kuanzia Same mpaka Boma la Ng'ombe, kwa upole na subira, akiamini ananiongezea elimu. Nilikuwa nimechoka, sikumjibu. Leo namjibu.

Tuanze na umri. Mwaka 1974 Naeser na Saul walichapisha kipimo cha tanzanaiti kwa njia ya nyufa za mnururisho: miaka milioni 585, kwa tofauti ya milioni 28 juu au chini. Volkeno ya Kilimanjaro, tukianzia Shira iliyo kongwe, ina miaka milioni mbili na nusu hivi. Mpishi aliyezaliwa zaidi ya miaka milioni 500 baada ya chakula kuliwa hakupika chakula hicho. Atakayesema kipimo kimoja hakitoshi, nampa tofauti ya milioni 28 mara kumi. Mlima bado haufiki.

Tuje kwenye jiografia. Ganeti ya kijani tunayoiita tsavoraiti hupata rangi yake hasa kwa vanadi, kama tanzanaiti. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliikuta Lemshuku, Simanjiro, mwaka 1967, kisha akaifuata hadi Taita-Taveta nchini Kenya. Iko pia Madagaska. Nani aliupeleka Kilimanjaro Madagaska? Kilicho kimoja katika sehemu hizo zote si lava. Ni miamba geu ya Ukanda wa Msumbiji yenye grafiti, iliyokandwa na kupashwa joto mabara yalipogongana, kabla wanyama wenye mifupa hawajatokea duniani. Wanajiolojia waliomo ukumbini wanaijua habari hiyo, na tasnifu ya Malisa ya mwaka 1987 kuhusu eneo la Lelatema lenye tanzanaiti iko maktaba, sitairudia.

Dai hilo la Kilimanjaro lina ndugu yake, hadithi ya radi iliyochoma nyasi mawe ya kahawia yakageuka buluu. Ni kweli joto hubadilisha rangi ya zoisaiti yenye vanadi, ambayo ndiyo tanzanaiti, na wanaochoma mawe kwenye tanuri hukaribia au hupita nyuzi 500. Lakini moto wa nyasi hupita upesi, na udongo hauruhusu joto lishuke mbali. Ungeunguza mkia wa mbuzi, kito kilichofukiwa kisijue kuna moto.

Sasa merelaniiti yenyewe. Makala iliyoitambulisha, ya John Jaszczak wa Michigan Technological University na wenzake wa London, Florence na kwingineko, nimeisoma mara nyingi kuliko inavyomstahili mtu mwenye mitihani ya kusahihisha. Ndani yake kuna vijiti vya kijivu cheusi vinavyong'aa kama chuma, vyembamba kuliko unywele, ambavyo urefu wake huhesabiwa kwa milimita. Hukaa kwenye matundu ya mwamba pamoja na zoisaiti, prehnaiti, grafiti na kalisaiti. Ukikata kijiti kimoja ukakitazama kwa hadubini ya elektroni, unakuta si kijiti: ni mkeka uliokunjwa. Karatasi za aina mbili zimepangwa kwa zamu, moja ya salfaidi ya risasi yenye mpangilio wa mraba, nyingine ya salfaidi ya molibdeni yenye mpangilio wa pembe sita. Vipimo vyake havioani kamwe, hata ukienda mbali namna gani, na kutooana huko ndiko kunakodhaniwa kuzifanya zijikunje. Jamaa yake wa kale, silindraiti ya Poopó nchini Bolivia, alijulikana tangu 1893, lakini yeye ana bati. Wa kwetu ana molibdeni na vanadi. Napenda jinsi waandishi hao walivyofanya kazi ngumu kwa kitu ambacho sonara angekipuliza kwa pumzi kikapotea.

Fomula yake ni Mo₄Pb₄VSbS₁₅. Isomeni polepole. Molibdeni, risasi, vanadi, antimoni, salfa. Katika bahari yenye oksijeni, vanadi na molibdeni huelea zimeyeyuka. Oksijeni inapokwisha chini, viumbe waliokufa wakaoza na gesi ya salfaidi ya hidrojeni ikajaa, metali hizo mbili hukamatwa na tope jeusi. Ndiyo sababu huonekana pamoja katika mashapo meusi duniani kote. Tope hilo likizikwa na kupashwa joto, kaboni yake huwa grafiti, na maji ya moto yapitayo kwenye nyufa huchukua metali na kuzitua penye nafasi.

Nakubali pingamizi. Sehemu ya vanadi huenda iliingia ndani ya chembe za udongo wa kawaida, bila msaada wa kiumbe chochote. Risasi na antimoni zingeweza kuletwa na maji kutoka tabaka jingine. Hata hivyo nashikilia kwamba vanadi ya Merelani ni urithi wa vijidudu vya baharini, na kwamba merelaniiti ndiyo shahidi wake bora, kwa kuwa imezikutanisha vanadi na molibdeni ndani ya fomula moja.

Kinachokosekana ni kazi ya uwandani. Tunapima mawe yenye vito na kuacha grafiti isiyo na kito, ilhali hiyo ndiyo ingetuonyesha tope lilivyokuwa. Nawaomba wachekechaji na wasafishaji msitie tindikali kila jiwe lenye nywele nyeusi. Wanafunzi wangu wakipata sampuli, wapime isotopu za molibdeni. Na majibu yakija kinyume na ninavyoamini, nitauliza kwanza sampuli ilichukuliwa mita ngapi kutoka kwenye mshipa.