Mapango ya Amboni Ni Amana

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanachama katika mkutano wetu wa mwaka, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa)



Kamati iliponiandikia, iliniomba nieleze habari za maisha yangu ya kazi. Nikaona kwamba habari za mtu aliyepasua mawe machimboni kwa miaka thelathini haziwezi kuwafurahisha watu waliotoka kula pilau sasa hivi. Kwa hiyo niliomba ruhusa nizungumze juu ya jiwe moja tu. Ninalo humu katika mfuko huu, nami nitalitoa wakati wake ukifika.

Wenzangu wa miaka ile mtakumbuka safari zetu za Jumamosi kwenda Amboni. Mwaka 1974 nilikuwa Kidato cha Pili. Tulitoka hapa alfajiri kwa miguu, tukashika barabara ya kwenda Horohoro. Kutoka mjini hadi mapangoni ni kama kilomita 8, nasi tulizimaliza tukiimba, kila mmoja na kipande chake cha muhogo wa kuchemsha. Tukaiacha barabara, tukapita Kiomoni, tukateremka kuelekea Mto Mkulumuzi, na pale penye miti mikubwa tukauona mlango wa pango. Mwalimu wetu wa jiografia alituhesabu, akawasha karabai, akasema, "Tazameni, sikilizeni, msiguse."

Vijana, msidhani kwamba eneo lile lilianza kulindwa juzi. Kampuni ya Amboni, iliyojulikana kwa mashamba yake ya mkonge, ililipata eneo hilo mwaka 1892. Mwaka 1922 iliiarifu serikali ya kikoloni ya Kiingereza juu ya mapango hayo, na mwaka 1937 yakatangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, yakakabidhiwa Idara ya Mambo ya Kale. Lakini wenyeji walikuwa wakiyalinda kwa njia yao zamani sana kabla ya tangazo lolote. Ndani mna mzimu ambao watu huuendea kuomba mtoto, mvua au afya, wakaacha ubani, marashi na sarafu. Mtu anaweza kuiamini imani ile au asiiamini, lakini aitambue kazi yake. Mahali ambapo watu huingia kwa adabu na kuomba radhi, hapavunjwi ovyo.

Hadithi nazo ni nyingi. Sisi tuliambiwa kwamba pango lile linatokea Mombasa. Wengine wakasema kuna mbwa aliyepotea humo na kuonekana tena karibu na Mlima Kilimanjaro. Inasimuliwa pia kwamba Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliokuwa wakisakwa na wakoloni katika miaka ya 1950, walijificha humo. Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na wa Kituruki waliyapima mapango hayo. Wakakuta kwamba yako kumi yaliyotengana, na lililo refu kuliko yote lina urefu wa mita 900. Kwa hiyo ndugu zangu mliotarajia kwenda Mombasa bila nauli, poleni.

Sasa niseme habari ya jiwe langu.

Tulipokuwa ndani, mwalimu alitangulia na karabai, mimi nikabaki nyuma. Juu ya kichwa changu palining'inia jiwe jeupe, jembamba kama mshumaa, na nchani mwake palikuwa na tone la maji. Wataalamu huyaita mawe hayo stalaktiti. Yale yanayoota kutoka chini kuyafuata ni stalagmiti. Niliokota jiwe la chini nikaligonga lile la juu. Lilikatika kwa sauti ndogo tu, kama kijiti kikavu. Nikalitia ndani ya shati na kuwafuata wenzangu.

Bwenini nilikuwa mtu mkubwa kwa wiki nzima. Kila mmoja alitaka kulishika. Yuko aliyenipa skonzi ili alale nalo usiku mmoja chini ya mto wake. Katika safari iliyofuata, wavulana watatu walirudi na mawe yao. Mwaka wa pili yake sikuweza tena kuhesabu ni masanduku mangapi ya bati yaliyokuwa na jiwe la Amboni. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Aliyechovya wa kwanza ni mimi.

Nilikuja kuelewa nilichofanya nilipokuwa mtu mzima, kazini, na ningependa wanafunzi wa sayansi wanisikilize vizuri hapa. Mawe ya Amboni ni mawe ya chokaa. Yalijengeka chini ya bahari wakati wa Jurasi, yapata miaka milioni 150 iliyopita, kutokana na chokaa na maganda ya viumbe vya baharini. Baadaye nchi iliinuka na bahari ikarudi nyuma. Mvua inaponyesha, maji huchukua hewani kiasi kidogo cha kabonidayoksaidi, ambayo siku hizi huitwa hewa ukaa. Yakipita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza, huchukua hewa hiyo kwa wingi zaidi, yakawa tindikali hafifu. Tindikali hiyo huyeyusha chokaa kidogo kidogo katika nyufa za mwamba, na kwa muda mrefu sana nyufa hupanuka zikawa vyumba. Hivyo ndivyo pango linavyochimbwa.

Maji yale yale yanapofika darini mwa pango na kuning'inia, hewa ukaa huwatoka, na chembe ya chokaa hubaki juu. Tone linalofuata huacha chembe nyingine. Kwa kawaida stalaktiti hurefuka kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka. Chukueni kalamu mkapige hesabu. Jiwe hili hapa (msemaji akalitoa mfukoni na kuliinua) lina urefu wa shubiri moja, yaani kama sentimita 20. Kwa kipimo hicho, maji yalilifanyia kazi kwa miaka ipatayo 2,000. Haba na haba hujaza kibaba. Na mimi nilikimwaga kibaba hicho kwa pigo moja, kwa ajili ya kusifiwa bwenini.

Miaka michache iliyopita nilikwenda tena Amboni pamoja na mjukuu wangu. Kiongozi alituonyesha mawe yanayofanana na sofa, na mamba, na ramani ya Afrika, na mtoto akafurahi sana. Mimi nilikuwa natazama juu, nikitafuta kisiki cha jiwe langu. Kama maji yaliendelea kudondoka pale tangu mwaka 1974, kisiki hicho kimerefuka kiasi cha nusu sentimita, unene wa kidole kidogo haujafika. Lakini sikuweza kujua changu ni kipi. Visiki vilikuwa vingi mno.

Ndugu zangu, wengine mtauliza: mzee huyu alikula mshahara wa kupasua mawe, leo anawezaje kulilia kijiwe kimoja? Swali ni la haki. Mkoa wetu umejengwa kwa chokaa. Mawe ya namna hii ndiyo yanayochomwa kuwa chokaa ya kupakia nyumba, na pale Pongwe husagwa yakawa saruji. Sioni aibu kwa kazi yangu, na sitamwambia mtu yeyote asijenge nyumba ya tofali. Eneo la mawe ya chokaa la Amboni linakadiriwa kuwa na kilomita za mraba 234. Katika ukubwa huo yapo mawe ya kujengea, na yapo mahali pa kuachwa. Hapana budi watu wakubaliane ni wapi pa kuachwa, kisha wapaache kweli kweli. Mkulima mwenye akili hula mahindi yake, lakini gunia la mbegu haligusi hata siku za njaa.

Tena kupaacha si kufunga mlango wa pango tu. Nimewaeleza kwamba maji hupata nguvu yake katika udongo wa msitu ulio juu. Dari ya pango ndiyo sakafu ya msitu. Miti ile ikikatwa kwa mkaa, udongo huchukuliwa na mvua, maji yanayoteremka hubadilika, na matone yanaweza kupungua au kukoma kabisa. Pango hubaki, lakini linakuwa kama nyumba ambayo mafundi wake wameondoka. Na popo je? Wengi huwachukia. Wale wanaokula wadudu hutoka magharibi kuwinda nondo na mbu. Wale wanaokula matunda hueneza mbegu za miti porini, na maua ya mbuyu, yanayofunguka usiku, huchavushwa na popo. Kwa hiyo msitu hulilisha pango maji, na pango huufugia msitu watumishi wake. Ukiharibu kimoja, umeharibu vyote viwili. Tunapoingia humo tukipiga kelele na kuwamulika popo usoni, tunawafukuza wakulima tusiowalipa ujira.

Nina maombi matatu, kisha nitakaa chini.

La kwanza ni kwa Mkuu wa Shule. Kama inawezekana, safari ya Amboni iwe sehemu ya masomo ya kila Kidato cha Pili, lakini kila kikundi kiende na kiongozi wa pale, wala asiwepo mtu wa kubaki nyuma peke yake. Ninajua anachoweza kufanya kijana aliyebaki nyuma peke yake.

La pili ni kwa sisi wazee. Wengi wetu tuna uwezo wa kununua miche. Tuwaulize wahifadhi wanahitaji miti gani ya asili na ipandwe wapi, kisha tuwape wanafunzi miche hiyo waipande na kuitunza. Tusiende kupanda miti tunayoipenda sisi, tukapigwa picha, tukaondoka.

La tatu ni kwa wenzangu wa miaka ile, nanyi mnajijua. Nendeni nyumbani mkafungue masanduku. Kama jiwe la Amboni limo, lirudisheni. Najua kwamba halitaunganika tena. Najua pia kwamba kulitupa uani ni rahisi kuliko kusimama mbele ya mhifadhi mwenye umri wa mwanao na kumwambia, "Mwanangu, hili nililiiba." Lakini tuliwafundisha watoto wetu kurudisha kisicho chao, na mtoto hujifunza kwa kuona.

Kesho saa mbili asubuhi nitatoka hapa getini kwa miguu, kama zamani, ingawa magoti yangu yanapinga azimio hilo. Wanafunzi ishirini wa Kidato cha Pili wamekubali kunisindikiza, na mwalimu wao wa jiografia pia. Muhogo nimeshauchemsha. Tutalikabidhi jiwe hili kwa wahifadhi, tutaingia pangoni, na mwalimu atawaambia vijana maneno yale yale niliyoambiwa mimi. Nafasi bado ipo kwa yeyote mwenye jiwe lake.