Reli Ikijengwa: Mafunzo ya Mariakani kwa Wakazi wa Magarini



Magarini haina reli. Lakini embe la Marafa na chumvi ya Gongoni husafiri kwa barabara hadi Mombasa, na msafiri wa Mambrui anayetaka kupanda treni ya Nairobi anaweza kupita Malindi, Kilifi na Mtwapa hadi afike stesheni ya Miritini. Ujenzi mkubwa ukifunga njia huko mbele, hasara hufika hadi huku. Chumvi inaweza kungoja siku mbili. Embe haliwezi.

Somo la karibu limo ndani ya kaunti hii hii. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, yenye urefu wa takriban kilomita 470, ilianza kujengwa mwishoni mwa 2014 na kuanza kubeba abiria Juni 2017. Moja ya stesheni zake iko Mariakani. Reli hiyo imeleta safari ya haraka na ajira kwa baadhi ya vijana. Lakini kabla ya treni ya kwanza kupita, wakazi wa kandokando waliishi na ujenzi kwa zaidi ya miaka miwili.

Reli hujengwa kwa udongo, mawe na saruji, na vitu hivyo huletwa kwa malori. Malori ya ujenzi yakiingia katika barabara ambayo tayari inabeba makontena ya bandarini na matatu za abiria, msongamano hauepukiki. Mfanyakazi huchelewa kazini, mgonjwa huchelewa hospitalini, na matatu ikipunguza safari zake kwa siku, nauli hupanda. Vumbi huingia dukani na jikoni.

Kisha kuna tuta lenyewe. Tuta la reli likiinuka na uzio ukawekwa, njia ya miguu ya kwenda shule, kisimani au malishoni hukatika. Kivuko cha chini kikiwa mbali, mtoto hulazimika kuzunguka kila siku, hata baada ya wajenzi kuondoka.

Jambo zito zaidi ni ardhi. Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka anayechukuliwa ardhi kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki, kwa ukamilifu na bila kuchelewa. Kifungu hicho pia kinaruhusu kulipwa kwa mtu anayeishi kwenye ardhi kwa nia njema ingawa hana hatimiliki. Hili lina uzito Magarini, ambako familia nyingi zimelima kwa miaka mingi bila hati. Hata hivyo, anayesubiri tingatinga lifike ndipo atafute ushahidi huwa amechelewa.

Kwa hivyo, mradi wowote wa reli au barabara ukitajwa, wananchi wafanye mambo manne. Kwanza, wahesabu minazi, miembe, mikorosho, nyumba na makaburi, wapige picha na kuweka rekodi. Pili, wafuatilie Gazeti Rasmi la Serikali, kwa kuwa nia ya kuchukua ardhi hutangazwa humo, na wahudhurie kikao cha Tume ya Taifa ya Ardhi cha kusikiliza madai. Tatu, wafike kwenye vikao vya tathmini ya mazingira wakiwa na ombi mahususi: kivuko kiwe wapi, maji ya mvua yapite wapi, barabara inyunyizwe maji saa ngapi. Nne, wadai ratiba ya kufungwa kwa barabara itolewe mapema, hasa msimu wa maembe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kivuko kinachoombwa wakati ramani ingali mezani huongezwa kwa kalamu. Kikiombwa baada ya tuta kushindiliwa, huhitaji pesa nyingi na miaka ya kungoja.

Mwenye swali kuhusu rekodi za ardhi au mimea yake aanzie kwa chifu au msimamizi wa wadi.