Siku ya Mvua kwa Baiskeli Upande wa Garissa
(Maneno ya ndugu mmoja wa reli mbele ya mkutano wa tawi)



Nimetakiwa kusema machache juu ya safari za mbali za baiskeli. Nimechagua siku moja tu, siku ya mvua, kwa sababu ndani yake mna jambo linalotuhusu sote tunaokula kwa jasho letu.

Wengi wetu hatuijui Garissa, maana reli haifiki huko. Kutoka Nairobi ni kama kilometa 370 kwa njia ya Thika na Mwingi, lami, na mwenye miguu ya kazi huzimaliza kwa siku tatu au nne. Nchi yenyewe ni kavu. Kwa mwaka hupata mvua ya milimita 300 hivi. Lakini huja kwa vipindi viwili: Wasomali huita Gu ile ya Aprili na Mei, na Deyr ile ya Oktoba hadi Desemba. Nayo ikija, huja kwa fujo.

Novemba 2019 Deyr ilikuwa kubwa mno. Mimi na mwenzangu, fundi mwashi, tulikuwa tumekwenda Balambala, na sasa tunarudi Garissa kwa njia ya udongo inayofuata mto Tana. Mvua ilianza saa moja asubuhi. Haikupita nusu saa udongo ulijaa ndani ya madigadi, hata magurudumu yakakataa kuzunguka. Dawa yake ni hii: fungua madigadi uyafunge kwenye karia, shika kijiti cha kukwangulia, na tembea kando ya njia penye majani. Usilazimishe pedali, mnyororo utakatika. Breki nazo usizitumaini, maana rimu iliyolowa haishiki. Tulisukuma baiskeli, na mwisho tukazibeba begani.

Kufika saa sita mvua ilikuwa imekwisha na jua linawaka. Tukakuta laga, yaani mto wa mchanga mkavu. Juzi yake tulipita hapo bila kulowa kidole. Sasa maji mekundu yalikuwa yakienda kwa kishindo pamoja na magogo. Mwenzangu akaanza kuvua viatu. Likizo yake ilikuwa inakwisha siku ile, na mwajiri wake alikwisha kumwambia kwamba akichelewa hata siku moja, asirudi.

Mzee mmoja Msomali, mwenye ngamia, akatuita. "Vijana, ngamia wangu ni warefu kuliko nyinyi, nami sijawavusha."

"Lakini mzee, mvua imekwisha."

"Hapa imekwisha. Maji haya si ya hapa."

Akatuketisha, akatupa maziwa. Tulingoja hadi asubuhi, maji yakashuka mpaka kwenye kifundo cha mguu, tukavuka. Mwenzangu akafika kazini amechelewa, akafukuzwa. Hakuwa na chama cha kumsemea.

Ndugu zangu, mzee alisema kweli. Tana yenyewe hupata maji yake Mlima Kenya na Aberdare, ndiyo maana Garissa hufurika hali mbingu zake ni nyeupe. Tarehe 28 Aprili 2024, barabara ilipokuwa imekatwa na maji karibu na Madogo, watu walipanda mashua ili wavuke. Mashua ikapinduka. Watu 23 waliokolewa, wengine walikufa. Sidhani kwamba mtu alipanda kwa kutaka mchezo. Kila mmoja alikuwa na shughuli inayomngoja ng'ambo.

Nasi wa reli tunayo yetu. Januari 1993 garimoshi la usiku la kwenda Mombasa lilitumbukia katika mto Ngai Ndethya, ambako mafuriko yalikuwa yameharibu daraja. Watu zaidi ya 100 walipotea. Tangu hapo najua kwamba ishara nyekundu haiulizwi saa.

Basi nasema mambo mawili. La kwanza, ukiona maji yanapita juu ya njia, simama, na umsikilize mwenyeji. La pili ni kazi ya chama: katika mapatano yetu na waajiri kiandikwe kifungu kwamba mfanyakazi aliyezuiwa na mafuriko asipoteze kazi yake. Mwashi yule aliokolewa na mzee, lakini mkate wake hakuna aliyeuokoa. Si haki mtu achague kati ya kufa maji na kufa njaa.